Mafundi wa Kimya

Juni 2019, albamu ya kwanza ya Joy Division, Unknown Pleasures, ilitimiza miaka 40. Kuadhimisha umri huo ilitolewa upya kwenye santuri nzito ya gramu 180, rangi yake nyekundu ya yakuti, ndani ya jalada jeupe lenye mistari myeusi. Jalada la mwaka 1979 lilikuwa kinyume chake: jeusi, mistari myeupe. Wapenzi wa santuri walizizungumzia sana rangi hizo, na wana haki, kwani zinapendeza. Mimi navutwa zaidi na jambo lisiloonekana kwa macho. Albamu hii imejaa nafasi tupu, na hakuna kitu kigumu kukihifadhi kwenye plastiki kuliko nafasi tupu. Penye makelele, mkwaruzo mdogo humezwa na gitaa. Penye kimya hauna pa kujificha. Kwa hiyo kila toleo jipya la Unknown Pleasures ni mtihani kwa mafundi ambao msikilizaji hawajui kwa sura wala kwa jina, na wakifaulu, kazi yao inastahili kutazamwa kwa utulivu, hatua moja baada ya nyingine.

Kwanza tujue kimya hicho kilitoka wapi. Joy Division walikuwa vijana wanne wa Salford na Macclesfield, kandokando ya Manchester: Ian Curtis akiimba, Bernard Sumner kwenye gitaa, Peter Hook kwenye besi na Stephen Morris kwenye ngoma. Sumner na Hook walikuwamo ukumbini Juni 1976, Sex Pistols walipopiga Lesser Free Trade Hall mjini Manchester, wakatoka humo wameazimia kuunda bendi yao. Panki ilikuwa imewaonyesha vijana kwamba mtu haombi ruhusa ya kushika ala. Lakini miaka mitatu baadaye panki nayo ilikuwa na mazoea yake: kasi, kelele, hasira. Wale waliofuata, ambao muziki wao uliitwa posti-panki, waliuchukua uhuru ule wakauelekeza kwingine. Badala ya kuongeza, walianza kuondoa, wakisikiliza kinachobaki. Unknown Pleasures ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za njia hiyo, na sijui nyingine iliyoifuata kwa ujasiri zaidi.

Ilirekodiwa Aprili 1979 katika Strawberry Studios, Stockport. Studio hiyo haikuwa kibanda cha kubahatisha. Mmoja wa wamiliki wake alikuwa Eric Stewart wa bendi ya 10cc, na humo ndimo 10cc walimorekodia wimbo wao maarufu wa mwaka 1975, I'm Not in Love. Prodyuza alikuwa Martin Hannett, mtu aliyesomea kemia, na kando yake mhandisi wa sauti Chris Nagle. Hannett aliikaribia sauti kwa tabia ya maabara: alitaka kila kitu kitengwe na kisafishwe kabla ya kuchanganywa. Mpiga ngoma kwa kawaida hupiga seti nzima kwa pamoja, na kila maikrofoni hudaka kidogo cha ngoma ya jirani. Hannett hakuutaka mchanganyiko huo. Alimfanya Morris apige vipande vya seti kimoja kimoja, kila kimoja kikirekodiwa peke yake, kazi ya kuchosha mikono na subira. Katika She's Lost Control, kopo la dawa ya kupulizia, ile ya kusafishia vichwa vya mashine ya tepi, likageuzwa ala ya mdundo. Katika Insight, sauti ya Curtis ilipitishwa kwenye waya wa simu ili ifike kwa msikilizaji ikiwa na umbali ndani yake, na mwanzoni mwa wimbo huo tunasikia lifti ya jengo lenyewe. Katika I Remember Nothing kuna kioo kinachovunjika.

Halafu kuna mwangwi. Kampuni ya AMS ya Burnley, mji usio mbali na Manchester, ilikuwa imeanza kutengeneza kifaa cha kidijitali cha kuchelewesha sauti, na Hannett alikuwa kati ya watu wa kwanza kukielewa. Hakukitumia kwa mwangwi mkubwa wa pangoni. Aliuchelewesha mlio kwa muda mfupi mno, kiasi kwamba sikio halisikii sauti mbili. Linahisi tu kwamba chumba kimepanuka. Pigo la ngoma linaanguka, linaacha duara la hewa kulizunguka, na gitaa linaingia pale tu hewa hiyo inapoanza kuisha. Ndivyo nafasi tupu ilivyogeuka kuwa mpiga ala wa tano.

Wenyewe hawakufurahi. Jukwaani Joy Division walikuwa moto, na Sumner na Hook walisema waziwazi kwamba albamu imewapoza. Anayetaka kupima tofauti hiyo anaweza kulisikiliza toleo la mwaka 2007, lililoambatanishwa na rekodi ya onyesho la Julai 13, 1979, katika klabu ya Factory mjini Manchester. Nyingi ni nyimbo zilezile, na bado gitaa linakata na ngoma zinakimbia kana kwamba ukumbi hauwatoshi. Miaka ya baadaye Hook alikubali kwamba Hannett alifanya kazi nzuri. Mimi naamini ugomvi ule ndio uliotupa albamu: moto wa bendi ulikuwapo, na Hannett akauzungushia baridi ili uonekane.

Sasa tepi imekwisha. Kazi ya santuri ndiyo kwanza inaanza.

Fundi wa kwanza ni mkataji. Mbele yake pana kerezo, mashine nzito yenye meza inayozunguka, na juu ya meza sahani ya aluminiamu iliyopakwa laka. Muziki unaingia kwenye kichwa cha kukatia, nacho kinaitikisa sindano ya yakuti iliyopashwa moto, ambayo inachimba mfuo mmoja tu, mrefu, kutoka ukingoni hadi karibu na kati. Unyuzi wa laka unaochimbuliwa hufyonzwa hapohapo kwa bomba, kwa sababu ukibaki utaharibu kazi, na ni kitu kinachoshika moto upesi. Hakuna kusimama katikati ya safari. Upande wa dakika 20 hukatwa kwa dakika 20, na kosa la dakika ya 19 humaanisha sahani mpya na kuanza upya. Wala sahani iliyokatwa haichezwi kuhakikiwa, kwani laka ni laini na sindano ya kuchezea ingeijeruhi. Mkataji hujaribu kwanza kwenye sahani nyingine, anasikiliza, anarekebisha, kisha anakata ile ya kweli na kuiamini.

Kila uamuzi wake una gharama. Sauti nzito huutikisa mfuo kwa upana na kula nafasi. Kwa hiyo, kwa kanuni iliyokubaliwa tangu mwaka 1954, sauti nzito hupunguzwa wakati wa kukata na sauti nyembamba huongezwa, na amplifaya ya msikilizaji hurudisha kila kitu mahali pake. Hapa Joy Division wenyewe wanamsaidia mkataji bila kukusudia. Hook alizoea kupiga besi yake juu kwenye shingo ya ala, kwa sababu huko ndiko alikoweza kujisikia katikati ya kelele za bendi. Besi yake hivyo huimba mahali ambapo bendi nyingine huweka gitaa, na uzito wa chini huachiwa ngoma kubwa. Mkataji anayeisikia tabia hiyo ataipa ngoma nafasi yake, na hatajaribu kuinenepesha besi kwa kufuata mtindo wa leo. Anayeikosa atatuletea albamu nene, yenye nguvu, na isiyo na hewa.

Kisha mifuo huishi ujirani. Mfuo mmoja ukitikiswa kwa nguvu, ukuta wake unaweza kuusukuma kidogo ukuta wa jirani, na msikilizaji akasikia kivuli cha mlio kabla ya mlio wenyewe. Santuri ikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8, basi kivuli hicho hutangulia kwa sekunde 1.8. Katika albamu iliyojaa milio kuanzia mwanzo hadi mwisho, nani angekigundua? Katika Unknown Pleasures, ambamo pigo huzuka kutoka kwenye utupu, kivuli kama hicho huitoa siri kabla ya wakati. Dawa yake ni kuipanua nafasi kati ya mfuo na mfuo pale pigo kubwa linapokaribia, na kuibana tena likipita. Kerezo zuri husoma muziki kabla haujafika kwenye sindano ili lijue lini lipanue, lakini mizani ya mwisho ni ya fundi. Akitaka sauti kubwa sana atakosa nafasi. Akiikata kwa woga, kelele za plastiki zitapanda juu ya muziki. Bahati nzuri albamu hii ina takribani dakika 20 kwa upande, kiasi kinachomruhusu fundi kupumua.

Hata hivyo dakika za mwisho za kila upande ni mlima. Santuri huzunguka kwa mwendo mmoja, lakini mzingo wa ukingoni ni mrefu na wa karibu na lebo ni mfupi. Ukingoni sindano hupita karibu sentimita 50 za mfuo kwa sekunde. Mwishoni hupita zaidi kidogo tu ya 20. Sauti zilezile zinabanwa kwenye nafasi ambayo haifiki nusu, na zinazoumia kwanza ni zile nyembamba: herufi za mluzi za mwimbaji, matoazi, kioo. Angalia basi jinsi albamu ilivyopangwa. Upande wa kwanza, walioupa jina Outside, unamalizikia kwa New Dawn Fades, wimbo unaopanda taratibu hadi kilele chake mwishoni kabisa. Upande wa pili, Inside, unamalizikia kwa I Remember Nothing, karibu dakika sita za mwendo wa polepole, ngoma zilizo mbali, na kioo kile kinachovunjika. Kilele kimoja na kioo kimoja, vyote mahali ambapo santuri ni dhaifu kuliko kwingine kote. Nikitaka kujua kama mkataji wa toleo lolote la albamu hii aliipenda kazi yake, sianzi na wimbo wa kwanza. Naweka sindano mwishoni. Kioo kikivunjika kwa ncha kali, na baada yake hewa ya chumba ikasikika ikijifunga tena bila kukwaruza, najua nimo mikononi mwa fundi.

Kutoka kwa mkataji sahani huenda kwa watu wa nikeli, nayo haipaswi kuchelewa. Laka iliyokatwa haitulii. Siku zikipita, kuta za mifuo hujivuta kidogo na sauti nyembamba zaidi huanza kufifia. Sahani husafishwa, hunyunyiziwa fedha ili ipitishe umeme, kisha hutumbukizwa kwenye maji yenye nikeli. Umeme unapopita, nikeli hujijenga juu ya fedha punje kwa punje mpaka iwe bamba. Bamba likibanduliwa, mifuo imekuwa matuta. Hilo mafundi huliita baba. Kwake huoteshwa mama, mwenye mifuo tena, na kwa mama huoteshwa mabamba ya kufinyia. Fundi akiongeza umeme ili amalize mapema, nikeli hujijenga kwa mkazo na ukwaru wake husikika baadaye kama mvumo chini ya muziki. Mama, kwa kuwa ni wa chuma na ana mifuo, anaweza kuchezwa. Mkaguzi mwenye masikio mazuri humsikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho, na akisikia tiki isiyo ya muziki huitafuta kwa hadubini na kuirekebisha kwa mkono. Ni nani anayemkumbuka mtu huyo anapoweka santuri nyumbani? Na bado, kimya kati ya mapigo ya Morris kimepita chini ya jicho lake.

Ndipo inapofika zamu ya mashine ya kufinya. Chembe za PVC huyeyushwa kuwa donge nene, lebo mbili zilizokaushwa vizuri huwekwa juu na chini, na mabamba mawili hukutana kwa shinikizo la zaidi ya tani mia moja, yakipashwa moto kwa mvuke na mara yakapozwa kwa maji. Lebo hazina gundi; joto na shinikizo ndivyo vinavyozishika. Mzunguko wote huchukua kama nusu dakika. Katika nusu dakika hiyo mna nafasi tele ya kuharibu kazi ya wiki nzima. Plastiki isipopata joto la kutosha haijazi vilindi vya mfuo, na sehemu hiyo hutoa sauti ya kuchanika. Santuri ikitolewa kabla ya kupoa hupinda. Uzito wa gramu 180 peke yake hauongezi uzuri wa muziki. Unaisaidia santuri kulala sawasawa na kukaa imara. Rangi nayo ina ugumu wake, kwa kuwa plastiki inayopenya mwanga hufichua uchafu wowote ulioingia. Lakini nyekundu ya 2019 si pambo peke yake. Baadhi ya nakala za mwanzo kabisa za 1979, zilizoonekana nyeusi mezani, zilipitisha mwanga mwekundu zilipoinuliwa dirishani. Kwa kukusudia au la, rangi ya toleo la miaka 40 imo ndani ya historia ya santuri yenyewe.

Adabu hiyohiyo imo kwenye jalada. Mistari ile ni mipigo ya redio ya pulsa CP 1919, nyota ya kwanza ya aina yake kutambuliwa na wanadamu. Aliyeigundua ni Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, mwaka 1967. Harold Craft, kwa kutumia darubini ya redio ya Arecibo huko Puerto Rico, aliichora mipigo mmoja juu ya mwingine kwa ajili ya tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Cornell ya mwaka 1970. Mchoro ukaingia kwenye ensaiklopidia ya elimu ya nyota ya Cambridge, na bendi wakaukuta humo. Peter Saville, msanifu wa kampuni ya rekodi ya Factory Records, aliugeuza: mistari iliyokuwa myeusi kwenye karatasi nyeupe akaifanya myeupe kwenye nyeusi, akaipunguza, akaiweka katikati ya karatasi yenye mparuzo, na mbele hakuandika jina la bendi wala la albamu. Nyota hiyo hujizungusha mara moja kila baada ya sekunde 1.337. Santuri hujizungusha kila baada ya sekunde 1.8. Sijui jalada jingine linalokikaribia hivi kitu kilichomo ndani yake: chombo kinachozunguka kwenye giza na kutuma mapigo. Jalada jeupe la 2019 limeurudisha mchoro kwenye hali yake ya kitabuni, na waliolitengeneza hawakuongeza picha, maelezo wala sifa.

Kutokuongeza ndiko kulikonifanya niipende kazi hii. Ian Curtis alifariki Mei 1980, akiwa na miaka 23, kabla albamu ya pili ya bendi, Closer, haijatoka. Tangu hapo jina lake limevutwa huku na huko, na mchoro wa pulsa umechapishwa kwenye fulana zisizohesabika. Kuna kishawishi kikubwa cha kuifanyia albamu kama hii mengi: kuipandisha sauti, kuijaza maneno, kuiomboleza. Mafundi wazuri wa matoleo mapya wameichukulia kama amana. Amana hurudishwa ilivyopokewa, na kuirudisha hivyo, kupitia laka, fedha, nikeli na plastiki, kunahitaji ujuzi ambao hauonekani pale unapofanikiwa.

Ujuzi huo umeshikwa na watu wachache. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters cha Banning, California, kiliteketea kwa moto. Kilikuwa kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyokuwa vikitengeneza sahani za laka kwa wingi. Cha pili kipo Japani. Wakati huohuo mahitaji yanapanda. Mwaka 2022 santuri zilizouzwa Marekani, takribani milioni 41, zilizidi idadi ya sidii kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987. Mashine mpya zinaweza kununuliwa. Sikio la mkaguzi wa mama na mkono wa mkataji haviuzwi. Hufundishwa kwa miaka, kando ya mtu anayejua.

Ndiyo maana nina ombi moja kwa wenye kampuni za rekodi. Kwenye jalada la albamu tunasoma, na ni haki, majina ya Hannett na Saville. Wakataji wa zamani walijipa haki hiyo wenyewe: George Peckham, aliyefanya kazi London, alichora saini yake ya Porky kwenye ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo, na wasikilizaji wakajifunza kuitafuta kabla ya kununua. Toleo jipya liandike wazi nani alikata, nani aliotesha nikeli, nani alimsikiliza mama, na kiwanda gani kilifinya. Chanda chema huvikwa pete. Msikilizaji akiyajua majina hayo atajua pia nani wa kumwamini, na kijana anayetafuta ufundi wa kujifunza atajua abishe hodi kwa nani.